Jembe la Siku za Wageni

Nilianza kuogopa wageni nikiwa mtu mzima, tena kwa sababu ya kipepeo. Kwetu Biharamulo mjini mgeni alikuwa neema. Babu yangu alikuja huku kutoka pwani na biashara yake ya vitambaa, na benchi la duka lake halikuwahi kukosa mtu anayekunywa kahawa asiyoilipia. Ikisikika kwamba mjomba anakuja kutoka Tanga, mama alikuwa anatoa viti vyote nje, anafua mapazia, anapaka chokaa ukuta wa mbele, na sisi watoto tunang'oa kila jani lililoota uani. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba kosa nitakalosimulia sikulifanya kwa kutojua desturi. Naijua tangu utotoni. Haikunijia tu siku ile nilipoihitaji.

Kazi yangu ni kuhesabu vipepeo. Najua inavyosikika. Dereva wa bodaboda anayenipeleka bondeni kila Alhamisi aliniuliza, safari ya kwanza, nikishamaliza kuwahesabu nawapeleka wapi. Nikamwambia siwapeleki popote, nawaacha walipo. Akaongeza mwendo mpaka tulipofika.

Bonde lenyewe liko Kibimba, upande wa Ngara, chini kidogo ya mashamba ya migomba. Kipepeo wetu ni mdogo, mabawa yake hayazidi ukucha wa kidole gumba, wa kijivu akiyafunga na wa buluu akiyafungua. Anataga kwenye mmea mmoja tu, mmea wa porini wa jamii ya kunde wenye maua ya manjano, na mimi nauita kunde pori kwa kuwa wenyeji wanauita majani. Kiwavi wake anaishi na sisimizi. Anawapa utamu unaotoka mgongoni mwake, nao wanamlinda. Ukiuondoa mmea, amekufa. Ukiwaondoa sisimizi, amekufa vilevile. Zamani alikuwepo pia Kaniha, wilaya ya Biharamulo, hadi moto wa kiangazi ulipopita pale na hatukumwona tena. Kwa tunavyojua sisi wa mradi wa kumhifadhi, amebaki hapa tu.

Kwa hiyo kila Alhamisi nilikuwa natembea polepole kutoka kigingi cha kwanza mpaka cha ishirini, naandika nilichokiona. Siku nyingine tuling'oa vichaka vilivyovamia, au nilikwenda kubembeleza wenye ng'ombe wasiingize mifugo wote kwa wakati mmoja. Majani ya bonde tulikubaliana na akina mama wa jumuiya ya kanisa: wayakate kiangazi, kwa vipande, viwavi wakishaingia ardhini, kisha wakayatandaze migombani kwao. Mgomba wa huku hauzai bila matandazo. Makubaliano hayo yalikwenda vizuri miaka miwili, nikajisahau.

Kiongozi wa akina mama wale alikuwa mama mmoja mjane, mkubwa kwa mama yangu mzazi, ambaye shamba lake linapakana na bonde. Lilikuwa shamba safi kuliko yote Kibimba. Hakuna jani lililoota mle bila idhini yake. Wanawake waliokuwa wanakwenda sokoni walipunguza mwendo wakipita pale, na wengine, nadhani, walirudi kwao na kuanza kulima upya. Mimi nilikuwa namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba mwanangu, kisha ananipa ndizi ya kuchoma na kuniuliza lini nitaacha kuinama porini nitafute kazi ya kukaa kwenye kiti. Nilimpenda. Ni vizuri niliseme hilo kabla ya kusema nilichomfanyia.

Mwaka huo bonde lilikuwa mashakani. Huku kwetu, tangu enzi za kambi ya wakimbizi ya Benaco ambapo miti iliisha kwa kuni, kupanda mti ni jambo jema ambalo hakuna anayelihoji, na kijiji kilitaka kupanda mikaratusi bondeni. Miche ilikuwa tayari kwenye viriba nyuma ya nyumba ya mwenyekiti wa kitongoji. Ilikubaliwa kwamba mtaalamu wa vipepeo aje kwanza. Akimkuta kipepeo, bonde libaki kama lilivyo. Asipomkuta, miche ishuke. Sikuweza kulalamika, maana yalikuwa makubaliano ya haki. Ila tangu siku ile usingizi wangu ulipungua.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne, katikati ya mvua, nilihesabu vipepeo kumi na tisa na viwavi zaidi ya nilivyowahi kuwaona. Nikapanda kwa akina mama nikiwa na furaha, nikawaambia kwamba Jumatano ijayo wageni wanakuja kuona bonde. Hilo tu. Wakapiga vigelegele. Mimi nikapanda bodaboda nikaenda zangu.

Jumatatu nilirudi kukagua vigingi. Kwenye njia ya kushukia bondeni nilikuta tao la majani ya migomba, kama la harusi. Njia ilikuwa imefagiwa. Nikaanza kukimbia, na hata leo sielewi kwa nini nilikimbia, kwa kuwa mbio zisingebadilisha kitu. Bonde lilikuwa limenyolewa. Lilikuwa limefyekwa kutoka ukingo hadi ukingo, majani yote yamechukuliwa, udongo unaonekana. Vigingi vyangu vilikuwa vimepakwa chokaa.

Akina mama walikuwa wamekaa kando, wamechoka, wanang'aa kwa furaha. Yule mama mjane akainuka. Kiswahili chake kina r mahali ambapo changu kina l, na siku nyingine zote nilikuwa napenda kukisikia.

"Umeona, mwanangu? Wageni warare hata hapa, hawatapata hata mbigiri."

Nilimfokea. Nilimfokea mbele ya wenzake, mimi nisiyemfikia hata nusu ya umri. Nilisema nani kawatuma, nilisema mmeua kila kitu, nilisema mmelitunza miaka miwili mkaliharibu kwa siku tatu. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki. Alifungua kanga yake kiunoni, akaifunga tena kwa utaratibu, akachukua mundu wake akapanda kwenda kwake. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, hakuna aliyenitazama.

Nilikaa chini peke yangu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeshaelewa. Nilikuwa nimewaambia mgeni anakuja, nao wakafanya ambacho mama yangu angefanya, ambacho mimi mwenyewe nimekifanya maisha yangu yote. Nikampigia mama simu. Nilidhani atanihurumia.

"Umemfokea mtu mzima?" akasema. "Kwa ajili ya mdudu?"

"Mama, huelewi."

"Naelewa. Rudi ukamwombe radhi leo leo. Na usiende mikono mitupu."

Nilinunua sukari kilo mbili kwenye duka la senta, nikapanda. Nilikuwa naogopa kila hatua. Niliogopa mlango uliofungwa, na niliogopa zaidi mlango ulio wazi na mtu asiyeniitikia. Nilimkuta shambani, amepiga magoti kati ya migomba, na wenzake watatu wako pembeni yake. Walikuwa wanapekua majani waliyoyatandaza Jumamosi, bua moja baada ya jingine.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Radhi utaomba baadaye," akasema bila kuinua kichwa. Akanyoosha kiganja. "Huyu ndiye?"

Alikuwa kiwavi wa kijani, mnene kama kidole. Nikamwambia siye, wetu ni mdogo, bapa, unaweza kudhani ni kipande cha jani. Akamrushia kuku.

Nikamuuliza alijuaje kwamba wamo humu. Akaniambia miaka miwili ananiona nimeinama chini ya ua la manjano, hata kipofu angejua kuna kitu humo. Mwenzake mmoja akacheka kidogo, akasema bwana shamba amewafundisha kuponda kila kiwavi wanayemwona kwenye mahindi, na sasa mwezi haujaisha wanawatafuta viwavi kama watoto waliopotea. Hapo ndipo nilipopata pumzi. Nikaweka sukari kwenye jiwe, nikapiga magoti nami.

Majani ya bonde zima yalikuwa yamegawanywa kwa mashamba saba. Kunde pori lilikuwa limechanganyika na nyasi, limeanza kunyauka. Niliona haraka kwamba kumtafuta kiwavi ni kazi bure, ila sisimizi wanaonekana. Baadhi yao walikuwa wamebebwa na mzigo, na bado walikuwa wanazunguka juu ya kiwavi wao kwenye shina lililokatwa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Tukatafuta sisimizi. Jumatatu mpaka jua linazama tulipata viwavi sita. Jumanne tulizunguka mashamba mengine tukapata watano. Kila tuliyempata tulimshusha bondeni na bua lake na sisimizi wake, tukalifunga bua kwa kamba ya mgomba kwenye kisiki cha kunde pori kilicho karibu na kichuguu cha sisimizi. Mafundo yangu yalikuwa yanafunguka, kwa hiyo kufunga alifunga yule mama. Kila nilipotaka kuyagusa maneno yangu ya Jumatatu, alinipa bua jingine nishike.

Mtaalamu alifika Jumatano na gari la mradi. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye kofia pana, mwenye haraka kidogo. Alipita chini ya tao la migomba akashukuru, halafu akaliona bonde, akasimama.

"Nani amefyeka?"

Mwenyekiti wa kitongoji akaanza kueleza habari ya maandalizi. Nilijua naweza kumkatiza na kusema ni ukataji wa kawaida wa mpango wetu, uliwahi kidogo tu. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Nilipomtazama yule mama, alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili na amesimama wima, anangoja kulaumiwa.

"Ni mimi," nikasema. "Niliwaambia wageni wanakuja, nikaondoka. Sikuwaambia waache majani. Wao wamefanya heshima."

Mtaalamu alipiga magoti kwenye kila kisiki, akatazama mabua yetu kumi na moja yaliyofungwa kama vidole vyenye majeraha. Aliniambia ukweli, na nilimchukia kwa muda kwa sababu hiyo. Alisema viwavi kumi na mmoja si ushahidi, wanaweza kufa wote kabla ya wiki kuisha. Angerudi baada ya miezi miwili. Kama atamkuta kipepeo au hata yai, bonde litabaki. Mwenyekiti akakubali, akasema miche haina haraka.

Alhamisi iliyofuata niliwaona viwavi wanne. Iliyofuata, hakuna. Labda walikuwa wameingia ardhini kwa sisimizi ili wajigeuze, labda walikuwa wameliwa na ndege, na hakuna namna ya kujua bila kufukua, na ukifukua umewaua. Nikaandika sifuri. Wiki ya nne sifuri. Wiki ya tano sifuri. Nyasi zilirudi upesi, zikanifika magotini, lakini kunde pori lilichipua kwa shida, majani mawili matatu kwenye kisiki, bila ua. Nilikonda. Nilijikuta nikisimama dukani nikihesabu mikate kwenye kabati bila sababu. Dereva wa bodaboda aliyekuwa na mazoea ya kuniuliza "Leo wangapi?" aliacha kuuliza.

Yule mama alikuwa ananijibu shikamoo yangu, lakini alikuwa haniiti mwanangu. Ananijibu marahaba, basi. Radhi nilikuwa nimeshamwomba, kwa maneno kamili, nikiwa nimepiga magoti jikoni kwake, naye alisema yameisha. Hata hivyo nilijua hayajaisha. Kuna Alhamisi mbili hakutoka kabisa, na nikaona miguu ya watu ikipita karibu na shamba lake bila kupunguza mwendo. Nilijiambia amechoka na mimi. Sikuthubutu kwenda kuuliza.

Wiki ya saba, nikiwa kigingi cha ishirini na sifuri yangu mkononi, alisimama ukingoni mwa migomba akaniita.

"Njoo. Njoo uone aibu yangu."

Alinipeleka kona ya mwisho ya shamba, ile inayopakana na bonde. Nilisimama nikashindwa kuelewa ninachokiona. Kona nzima ilikuwa magugu. Mbegu za kunde pori zilikuwa zimepukutika kutoka kwenye matandazo ya siku ile, mvua ikazinyeshea, zikaota. Zilikuwa zimefika gotini, zina maua ya manjano. Yeye hakuzipalilia. Mwanamke huyu, ambaye hakuna jani lililoota shambani kwake bila idhini yake, alikuwa amekaa na magugu wiki saba mbele ya macho ya kijiji kizima. Kwenye jumuiya wenzake waliulizana kama anaumwa. Mkwe wake alikuja na jembe kumsaidia, akamfukuza.

"Niriona majani ni yareyare yako," akasema. "Nikasema niyaache."

Wale vipepeo walikuwepo watatu. Mmoja alifungua mabawa yake ya buluu juu ya ua, akayafunga. Chini ya vikonyo niliona mayai, meupe, madogo kuliko chembe ya chumvi. Nililia, na sikujificha. Aliniacha nilie, kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilimtumia mtaalamu picha. Alijibu kwamba kama mayai yapo pale, hatua chache kutoka bondeni, bonde halijafa, na wakati wa mvua zijazo miche ya kunde pori ihamishiwe chini. Angekuja Ijumaa na mwenyekiti na watu wa kamati kuyaona kwa macho. Akaongeza kwamba mtu yeyote asiguse kitu.

Alhamisi nilikwenda kumweleza yule mama. Safari hii nilisema yote. Nilisema wageni wanakuja kesho, wanakuja hapa kwako, kwenye kona hii, na tafadhali mama, chonde chonde, usiguse hata jani moja. Akaitikia kwa kichwa. Nikashuka kuhesabu. Nilipofika kigingi cha saba moyo wangu ukakataa kuendelea, nikarudi.

Nilimkuta amesimama kwenye kona, na jembe mkononi. Alikuwa halimi. Alikuwa amelishika kwa mikono miwili, ameliinua kidogo, na jasho linamtoka ingawa kulikuwa na ubaridi. Uwanja wa nyumba ulikuwa umeshafagiwa, uzio umeshanyooshwa, na kwenye kamba kulikuwa na gauni la Jumapili. Palikuwa pamebaki hapo tu. Nikaona mwenyekiti akipita kesho na kamati yake, na watu waliomsema wakisimama njiani kutazama, na mtaalamu mwenye kofia akioneshwa magugu ya mwanamke huyu.

"Mwanangu," akasema. "Niambie nisirime."

"Usilime, mama."

"Niambie tena."

Nikamwambia tena. Halafu akanikabidhi jembe.

"Kaa naro kwako. Urirete wakiondoka."

Nilitembea kutoka shambani kwake mpaka senta ya Kibimba, mchana kweupe, mtoto wa duka nisiyejua kushika mpini, na jembe la mtu begani. Watu waliniamkia wakicheka. Dereva wa bodaboda aliniuliza kama nimebadilisha kazi. Aliponifikisha nyumbani nililiegemeza nyuma ya mlango wangu, nikakaa kitandani nikilitazama, nikafikiri kwamba anayo majembe mengine, lazima anayo, na mapanga, na mikono.

Hakugusa. Ijumaa maua yalikuwepo, mayai yalikuwepo, na kipepeo mmoja alikuwa na adabu ya kutua mbele ya mwenyekiti. Miche ya mikaratusi ilikwenda kupandwa kando ya barabara. Bonde lilibaki, na baada ya mvua mbili nilihesabu kipepeo wa kwanza kwenye kigingi cha tano.

Kona ile bado ni magugu. Ndiyo akiba yetu kama bonde likipata balaa jingine, na mwenyewe hajaizoea hata kidogo. Kwa hiyo kila wageni wanapokaribia kwake, iwe harusi, iwe Pasaka, iwe watoto wake wanarudi kutoka Mwanza kula Krismasi, ananiletea jembe lile wiki mbili kabla. Analipitisha kwa bodaboda, limefungwa kwa kamba ya mgomba, bila salamu nyingine. Mimi naliweka nyuma ya mlango, wageni wakiondoka nalirudisha, ananipa ndizi ya kuchoma.

Mwaka huu Krismasi imebaki wiki moja na jembe halijaja. Jana nilimuuliza dereva, akasema hakupewa kitu. Simu ya yule mama haipatikani, lakini mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Nimejaribu kuogopa kwa ajili ya ile kona, kama nilivyozoea, na nimeona kwamba kona siifikirii kabisa. Kesho si Alhamisi, lakini nimeshamwambia dereva aje saa kumi na mbili asubuhi.